Msusi aliyemvika mwanawe mzula kwenye joto la Moshi

Asubuhi ya mkesha wa Krismasi, saluni ndogo ya mtaa wa Majengo mjini Moshi imejaa mpaka barazani. Wanawake wamekaa kwenye viti vya plastiki, nywele za dukani zikiwa mapajani, na kila mmoja anajua ni nani aliyemtangulia. Feni inazunguka lakini haipozi kitu. Kwenye mkeka, mbali na sufuria ya maji ya moto ya kuchovyea ncha za rasta, mtoto wa mwaka mmoja na nusu anakula ndizi mbivu. Amevaa kaptura, fulana isiyo na mikono, na mzula mzito wa sufu uliovutwa hadi kwenye nyusi.

“Mama Yakobo, mtoto anaumwa?” anauliza mteja mmoja.

“Haumwi.”

“Sasa mzula wa nini na joto lote hili? Unataka kumpika?”

Elinipendo Nkya anaendelea kusuka. Vidole vyake vinagawa nywele, vinachanganya, vinashuka. Jasho linamtoka puani na hana mkono wa kulifuta.

Ana miaka ishirini na tisa, na Majengo nzima wanaijua mikono yake. Rasta za kawaida anasuka kwa shilingi elfu ishirini na tano, nusu yake ikibaki kwa mwenye saluni. Kuna miezi anashinda na kichwa kimoja kwa siku. Desemba ndiyo inayolipa kodi ya chumba na kumvusha Januari, kwa sababu Desemba Wachagga wanarudi nyumbani, na hakuna anayetaka kupanda mlimani na kichwa cha ovyo.

“Shangazi zangu wanaanza kukagua kichwa kabla hawajakupa mkono,” anasema Brenda, mteja aliye kitini, ambaye amefika na basi kutoka Dar es Salaam. “Ukienda umechakaa, mwaka mzima unasemwa.”

Wote wanacheka. Elinipendo anatabasamu kidogo, kisha anamtupia jicho Yakobo, ambaye ameanza kuuvuta mzula. Anaacha kusuka, anainama, anaurudisha mahali pake. Leo mchana atapanda naye Masama, kwa mama mkwe wake, na chini ya mzula ule kuna jambo ambalo hajui atalielezaje.

Yakobo amenyolewa. Kichwa chote, kikang’aa.

Kwa familia nyingine hilo si neno. Kwa akina Nkya wa Masama ni neno kubwa. Katika nyumba ile, nywele za kwanza za mtoto wa kiume hukatwa na bibi mzaa baba, kwa wembe mpya, siku ambayo ukoo umekusanyika, na siku hiyo ni Krismasi. Nywele hizo huzikwa kihambani, yaani shamba la ukoo, kwenye mashina ya migomba ya familia, pale pale kilipozikwa kitovu cha mtoto. Mpaka siku hiyo mkasi haumgusi. Na huyu si mjukuu tu. Ndiye mtoto wa kwanza wa kiume wa Gidioni, kwa hiyo amerithi jina la babu yake, marehemu mzee Yakobo. Bibi Ndelilio, mjane wa mzee huyo, humwita mtoto “mume wangu” hata kwenye simu.

Ndiyo maana Yakobo alikua na msitu kichwani. Wateja walimwita binti. Wengine walimtania mama yake kwamba mkata kuni huota moto kwa jirani.

“Nilikuwa nacheka nao,” anasema Elinipendo. “Sikuwaambia sababu. Niliona wataniona mshamba, mtu wa mjini bado anasubiri wembe wa bibi.”

Na hapo ndipo alipojiponza mwenyewe.

Krismasi ya mwaka jana ilikuwa ndiyo siku iliyopangwa. Mbuzi alishafungwa kwenye mgomba, ndugu walishafika, bibi alishanunua wembe. Lakini mtoto, wakati huo wa miezi sita, alipandwa na homa kali, na sikukuu ikawakuta wodini. Elinipendo alipiga simu akieleza huku analia. Mama mkwe alijibu neno moja: “Sawa.”

“Hiyo ‘sawa’ ilinikaa kooni mwaka mzima,” anasema. “Angenigombeza ningepumua. Baadaye nikasikia huko juu wanasema mkamwana wa Ndelilio anajali vichwa vya wateja kuliko kichwa cha mwanawe. Mama hakulisema yeye, lakini pia hakulikanusha.”

Mwezi Novemba bibi alipiga simu mwenyewe. Alisema wembe ule bado anao, haujafunguliwa.

Sasa, Desemba saluni si mahali pa mtoto. Kuna maji ya moto, kuna dawa za nywele zinazowasha macho, kuna foleni. Kila asubuhi Elinipendo humwacha Yakobo nyumba ya jirani, kwa Sikudhani, mama wa makamo anayepika vitumbua na ambaye mtaa mzima humwita Mama Ummy. Humlisha, humwogesha, humlaza. Kwa malipo hataki kusikia. Anasema mtoto hutunzwa, hakodishwi.

Jioni ya kuamkia mkesha, Elinipendo alikwenda kumchukua mwanawe akamkuta mlangoni na kichwa kitupu, amepakwa mafuta, anacheka na meno yake sita.

“Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi,” anasema.

Sikudhani alidhani ni furaha. Kwa mwaka na nusu alikuwa akiziangalia zile nywele kwa huruma. Kwao mtoto hunyolewa siku ya saba baada ya kuzaliwa, nywele zikapimwa, na kwa uzito wake ikatolewa sadaka. Aliona mama huyu ana kazi nyingi, baba yuko mlimani, basi hakuna wa kumshughulikia mtoto. Akamwita kaka yake Khamisi, kinyozi wa sokoni, akamwambia aje na mashine yake.

“Niliona mtoto anakwenda kwa bibi yake sikukuu, hawezi kwenda vile,” anasema Sikudhani, na akilisimulia bado anashika shavu. “Nilitaka kumpa mama yake zawadi. Si mtu anasuka mji mzima? Nikasema na mimi nimtengenezee huyu mmoja.”

Elinipendo anakiri alimjibu vibaya. Hakutukana, lakini alimwambia, “Mama Ummy, umeniharibia nyumba,” kisha akambeba mtoto akaondoka bila kuaga. Sikudhani alimfuata mpaka mlangoni kwake na leso nyeupe iliyofungwa fundo.

“Hizi hapa nywele zake,” alimwambia. “Sadaka nimeshamtolea. Zikazikwe, mwanangu, zisitupwe.”

Elinipendo aliipokea leso bila shukrani, akaitupia kwenye mkoba wa nepi. Kesho yake hakumpeleka mtoto kwa jirani, akaenda naye saluni.

Gidioni, mume wake, ni mpishi wa watalii mlimani, na Krismasi kwake ni msimu. Alipopatikana kwenye simu, mtandao ukikatika na kurudi, alisikiliza, kisha akatoa ushauri wake wote: “Mvishe mzula. Huku juu ni baridi, hakuna atakayeuliza.”

“Nikamuuliza, na akilala? Na akioga? Akasema hapo mtandao hausikiki,” anasema Elinipendo, na sasa anaweza kucheka.

Mchana wa mkesha alimaliza kichwa cha mwisho, akafunga mkoba, akapanda gari la kwenda kituo cha Kwa Sadala. Kutoka hapo bodaboda iliwapandisha katikati ya migomba na kahawa, hewa ikizidi kupoa, na kwa mara ya kwanza siku ile mzula ukaonekana ni vazi la maana. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Alipanga kusema mtoto alikuwa na vipele vya joto. Alipanga kusema ni daktari. Kila uongo aliuona unachechemea.

Uani kwa Bibi Ndelilio kulikuwa na magari matatu yenye vumbi la safari, watoto wasiofahamiana wakigombea mpira, na harufu ya ndizi zinazotokota. Mbuzi alikuwa amefungwa mahali pale pale pa mwaka jana.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mmefika,” alisema bibi, mwanamke mrefu mwenye kitenge kiunoni, naye mikono yake tayari ilikuwa kwa mtoto. “Karibu, mume wangu. Umenikimbia mwaka mzima.”

Yakobo alimtazama usoni, akapima, akaridhika. Kisha akafanya alichokuwa akijaribu kufanya tangu asubuhi. Aliushika mzula kwa mikono miwili akauvua, akampa bibi yake.

Shangazi mmoja alisema “Yesu wangu” kwa sauti ndogo. Elinipendo anasema maneno yote aliyoyapanga yalimtoka kichwani, ukabaki ukweli peke yake, na akausema wote hapo hapo amesimama: jirani, kinyozi, kunyamaza kwake mwenyewe kwa aibu ya kuitwa mshamba.

“Kosa ni langu, mama,” alimaliza. “Yule mama hakujua. Mimi ndiye sikumwambia.”

Bibi Ndelilio hakumwangalia. Alikuwa anakiangalia kichwa cha mtoto.

“Nywele ziko wapi?” aliuliza.

Elinipendo alipekua mkoba. Nepi, chupa ya uji, kaptura, na chini kabisa leso nyeupe. Alimshukuru Mungu kwamba hakuitupa jana kwa hasira. Bibi alikaa kwenye kigoda na mtoto mapajani, akalifungua lile fundo taratibu. Nywele zilikuwemo zote, zimekusanywa mpaka vile vinyoya vya kisogoni, zimekunjwa vizuri wala hazina uchafu wa sakafuni.

“Nani alizikusanya hivi?”

“Yeye huyo jirani. Mama Ummy. Alisema zizikwe, zisitupwe.”

“Alisema hivyo mwenyewe?”

“Mwenyewe, mama.”

Bibi alilifunga tena fundo. “Mtu aliyepiga magoti kuokota nywele za mjukuu wangu moja moja,” alisema, “nitamgombeza kwa lipi?”

Kisha akamgeuza mtoto amwone vizuri. Alimpapasa utosi kwa kiganja, mbele, nyuma, akarudia. Mabega yakaanza kumtikisika. Elinipendo alidhani analia. Hapana. Bibi Ndelilio alikuwa anacheka, kicheko cha kujishika ubavu, mpaka shangazi wakaja kumshika asianguke na mtoto.

“Mwoneni Yakobo!” alisema alipopata pumzi. “Amerudi na kipara chake!”

Marehemu mzee Yakobo, wanasimulia hapa, alipata kipara akiwa kijana mbichi. Siku anakuja kuposa hakuwa na unywele mmoja wa kuonyesha, na marafiki wa Ndelilio walimcheka mwenzao mpaka akataka kumkataa mposaji. Aliishi na kile kipara kwa zaidi ya miaka arobaini. Alikipaka mafuta kila Jumapili kabla ya ibada.

“Kwenye picha za simu nilikuwa namwona huyu na msitu wake, nasema moyoni, jina wamempa lakini mtu mwenyewe hayumo,” anasema bibi. “Ule wembe wangu ungekata kidogo tu mbele, kama desturi. Nisingemwona kabisa. Yule mama wa mjini ndiye aliyenitolea mume wangu nje.”

Jioni ile ile nywele zilizikwa. Bibi aliomba sala, na jembe dogo akampa Elinipendo achimbe mwenyewe kwenye mashina ya migomba. “Hapo ndipo nilipolia,” anasema msusi huyo. “Mwaka mzima uliniondoka mabegani. Nilichimba shimo refu mpaka shangazi wakauliza kama nazika nywele au napanda mgomba.”

Leo ni siku ya pili ya Krismasi. Barazani Masama, Elinipendo yuko kazini tena, ingawa hapa hakuna foleni wala malipo. Jana usiku, baada ya ndizi na nyama, mama mkwe alimwambia kwamba mistari yake imelegea, na kama ana nafasi amsuke. Tangu aolewe hajawahi kukigusa kichwa cha mama huyo. Sasa bibi amekaa kwenye kigoda kati ya magoti yake, na Yakobo anapita huku na huko, kichwa wazi, kila shangazi akimpapasa kama anayechukua baraka.

Ana mpango. Anatafuta chumba cha saluni Kwa Sadala, karibu na soko, ili mtoto ashinde kwa bibi yake badala ya kusubiri Krismasi kumwona. Akiba bado haijatimia, lakini anaamini mwakani itatosha. Sikudhani ameshaambiwa na amenuna. Anataka kujua nani atakayekula vitumbua vyake vya asubuhi.

Habari hiyo aliipata kwa simu, baada ya Elinipendo kumpigia kumwomba radhi. Radhi yenyewe ilichukua muda mfupi. Tatizo ni kwamba Bibi Ndelilio aliomba simu amsalimie, na tangu hapo hajairudisha. Wanawake wawili ambao hawajawahi kuonana wameshamaliza habari za mvua, za magoti na za waume.

“Mwakani uje huku,” bibi anasema kwenye simu. “Uje na huyo kaka yako Khamisi. Mbuzi atamchinja yeye, ili na wewe ule na sisi.”

Anasikiliza, anatikisa kichwa.

“Nywele? Zitakuwa zimeota. Tutamnyoa wote, wewe umshike kichwa. Lakini wembe ni wangu, bado uko kwenye karatasi yake.”

Anageuka kumtafuta mjukuu kwa macho, na mstari unamponyoka msusi mkononi.

“Mama, hebu tulia,” anasema Elinipendo. “Mstari unapinda.”

Na Bibi Ndelilio anatulia.