Gari la Shemeji

Kwa miaka kumi na moja fundi miwani aliegesha gari lake mbele ya dirisha la duka, pale ambapo aliweza kuliona akiwa kwenye mashine ya kusaga lenzi. Lilikuwa jekundu, la petroli, la milango miwili, limeinama mbele kama paka anayetaka kuruka. Mtaa mzima ulimwita fundi huyo Turbo. Muuza vitambaa wa duka la jirani alisema anapanga saa yake kwa mngurumo ule. Turbo hakukanusha. Ni mtu mwembamba wa miaka arobaini na minne, mwenye mikono isiyotetemeka na koti jeupe lisilo na doa, na gari lile lilikuwa kitu pekee maishani mwake chenye kelele.

Mwezi wa tatu mama yake alikatwa mguu wa kulia, chini ya goti. Sukari ilikuwa imeshakula na figo, kwa hiyo akapangiwa kusafishwa damu Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa moja kamili asubuhi. Mashine zilikuwa sita na wagonjwa wengi. Kanuni ilibandikwa mlangoni: atakayechelewa nusu saa, nafasi yake atapewa anayesubiri.

Kiti cha magurudumu hakikuingia kwenye gari jekundu. Turbo alikikunja, akakilaza, akakifungua magurudumu, wapi. Kwa wiki mbili alimbeba mama mgongoni hadi garini, na kiti kikawafuata kwa teksi.

"Kiti changu kinasafiri vizuri kuliko mimi," mama alisema.

Turbo akauza gari. Alilonunua lilikuwa la kijivu, la dizeli, milango mitano, na mlango wa nyuma ulioinuka juu na kumeza kiti kizima bila kukikunja. Injini yake ililia kama cherehani iliyokosa mafuta. Lilikuwa gari la mtu mwenye akili timamu, na Turbo aliliegesha nyuma ya duka, karibu na mapipa ya taka. Waliouliza aliwaambia lile jekundu liko gereji.

Jumanne ya pili mshale wa mafuta ulishuka, akaingia kwenye kituo chake cha siku zote. Mwanamke wa makamo anayehudumia pale, Mama Pampu, alimjua tangu gari jekundu likiwa jipya.

"Turbo! Leo umekuja na kabati?" alipaza sauti. "Gari liko wapi?"

Wenzake wawili wakageuka, wakaangua kicheko.

"Hili la shemeji," Turbo akasema. "Langu liko gereji."

"Nikadhani umestaafu. Haya, hili la shemeji linakunywa nini?"

Masikio yake yalikuwa yanawaka. Alitaka kuondoka tu.

"Lile lile la siku zote. Jaza."

Kibandiko kwenye mfuniko wa tanki kilikuwa kimefutika zamani. Mama Pampu akajaza petroli, kama alivyomjazia kwa miaka kumi na moja.

Kwenye kiti cha nyuma mama alikaa wima, mkoba mapajani. Turbo ni mtoto wa pekee na hajaoa. Shemeji huyo hajawahi kuwepo.

Baada ya mzunguko wa pili wa barabara gari lilianza kugonga, likatoa moshi, likapoteza nguvu. Turbo alikanyaga zaidi, kama ambavyo angelikanyaga lile jekundu. Likazima. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika hamsini.

"Mpigie shemeji yako," mama akasema.

"Mama, tafadhali."

"Mwambie gari lake limezimika. Labda yeye anajua linakunywa nini." Akafungua mlango mwenyewe. "Njia ya mwongo ni fupi, baba, lakini yako imezidi. Haikufika hata kilomita tatu!"

Dereva wa teksi wa kwanza hakupokea simu. Wa pili alikuwa upande mwingine wa mji. Turbo akateremsha kiti, akamkalisha mama, akaanza kusukuma. Njia ya waenda kwa miguu ilikuwa imebomoka, kwa hiyo alishuka barabarani, magari yakimpigia honi. Walifika saa moja na dakika thelathini na nane. Kwenye mashine namba nne, ile ya mama, alilala mzee mmoja na gazeti lake.

"Nafasi imeshakwenda, kaka," nesi alisema bila ukali. "Ipo ya saa nane mchana. Lakini atasafishwa kwa muda wa saa mbili tu, si nne."

Walisubiri kwenye korido. Vidole vya mama vilikuwa vimevimba hadi pete haizunguki.

"Nataka kujua," alisema. "Unalionea aibu gari, au unachopakia ndani yake?"

"Nilitaka tu kuondoka haraka, Mama."

"Kutoka kwa nani?"

Mtu anayeweza kuona mkwaruzo mwembamba kama unywele kwenye lenzi alitazama sakafu.

Fundi magari alimweleza siku hiyohiyo: mrija wa pampu ya petroli ni mwembamba, unaingia kwenye tanki la dizeli bila ubishi. "Ungezima lilipoanza kukohoa, tungemwaga mafuta ya tanki, yakaisha. Wewe ukalikimbiza."

Petroli ikamwagwa, na Jumatano jioni gari likawaka, kwa moshi mwingi. Tanki lilikuwa karibu tupu. Alhamisi waliondoka nyumbani saa kumi na moja na nusu. Mama hakuwa amelala vizuri. Maji yaliyobaki mwilini yalimbana kifua. Kituoni Mama Pampu alikuwa tayari anacheka.

"Shemeji bado hajachukua gari lake?"

Turbo akafungua mdomo. Kioo cha nyuma kiliteremka kwanza.

"Dizeli, mwanangu," mama akasema. "Na gari ni langu. Huyu ni dereva."

Mama Pampu alimtazama, akakitazama kiti cha magurudumu kilicho nyuma yake, kisha akamtazama Turbo. Kicheko kikamtoka usoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usijaze kwa mazoea."

Turbo alishuka, akasimama kando ya pampu, akasoma maandishi ya mrija mara mbili, akabaki hapo mpaka mafuta yalipokoma.

"Twende, dereva," mama akasema. Pumzi yake ilikuwa fupi, na Turbo hakuweza kujua kama ule ulikuwa mzaha.