Miguu ya Bi Esha kwenye Intaneti

Binti yangu Ndulu alisomea kompyuta miezi sita Ukunda, na mwaka wa 1999 akapata kazi ya majaribio Galu kwa Bi Esha, mwenye nyumba tatu za kukodisha wageni. Asipopatikana mgeni kupitia intaneti kabla Agosti haijaisha, Ndulu angerudi kwetu Shimba Hills kulima mihogo. Mimi nilikuwa nimeshamtafutia jembe.

Kila Ijumaa nilimpelekea maharagwe. Kusema kweli, nilikwenda kuchungulia. Siku ya kwanza kuonyeshwa ukurasa wa nyumba hizo kwenye intaneti, picha ilishuka kama pazia linaloteremshwa na mtu mwenye usingizi. Likatokea paa la makuti. Ndulu akala nusu ya chakula. Ndipo kikatokea kilemba cha Bi Esha. Ndulu akanieleza kwamba picha ni nzito mno, na kwa kuwa intaneti hupitia waya wa simu, mgeni wa Ulaya analipia simu kila dakika anayongoja, kwa hiyo hangoji. Tena picha zilipewa namba tu, na anayetafuta nyumba Galu hatafuti namba.

Bi Esha alikataza zisiguswe. Katika picha ya mbele alisimama mlangoni na leso mpya na viatu vya kununuliwa Mombasa. Huku kwetu mtu akienda studio hutoka mzima, kichwa mpaka viatu. Picha isiyo na miguu hurudishwa. Hata mimi ningeirudisha.

Ndulu akafanya kimya kimya. Alikata pembeni, akakata chini, akazipunguza uzito, akazipa majina ya Kiingereza ambayo mgeni angeyatafuta, na mahali pa kila picha akaweka maneno ya kusomwa kabla haijafika. Ukurasa ukafunguka kabla sijaketi vizuri. Bi Esha aliishia magotini.

"Mwanangu, umemkata mwenye kazi," nikamwambia.

Akanijibu kwamba mgeni anakodi nyumba, hakodi viatu. Usiku huo sikulala.

Ijumaa iliyofuata, Bi Esha aliipokea shikamoo yangu bila kunitazama.

"Mama Ndulu, mimi nina miguu au sina?"

"Unayo, Bi Esha."

"Basi mbona ulimwengu mzima hauioni?"

Akamwagiza Ndulu airudishe kabla ya adhuhuri, la sivyo akusanye vitu vyake. Ndulu akawasha kompyuta, na kwanza akakuta barua pepe. Mume na mke wa Uholanzi walikuwa wametafuta nyumba Galu. Kurasa za wengine ziliwachosha kungoja, hii ikafunguka. Walitaka wiki mbili.

Bi Esha akaomba isomwe tena. Akauliza kama wamelalamika juu ya miguu. Hawakulalamika. Waliuliza kama kuna vyandarua.

Bi Esha akamwambia Ndulu aje Jumatatu, na Jumatatu nyingine pia. Mimi nikaanza kukusanya bakuli zangu haraka, asije akabadili nia. Lakini alikuwa ameinamia kioo cha kompyuta, kidole kwenye picha ya kisima.

"Huyu ni shemeji yangu Dzombo," alisema. "Huyu mkate mpaka atoke."