Murugi Alimpunguzia Mtoto Miaka

Kama umekula chapati kwa hoteli yetu hapa Kiganjo ukalamba vidole, hiyo ilikuwa yangu. Shule niliacha darasa la sita lakini unga inanijua. Murugi alikuwa anamenya waru, hizi viazi, nyuma yangu, na nilikuwa namchekesha mpaka anajikata na kisu.

Mtoto wake, Lynn, alikuwa na miaka tatu na nusu na haongei. Ukimwita anaangalia ukuta. Sasa sista wa kliniki akaanza kupima watoto: wa miaka hii lazima apange vibao ngapi, aseme jina lake, asimame na mguu moja. Asiyefikisha anaandikwa, anaonwa bure na daktari wa kutoka Nyeri.

"Mama mkwe amesema Lynn akiandikwa mgonjwa, mimi na yeye turudi kwetu Endarasha," Murugi akaniambia.

"Wee Mama Lynn, si umpunguzie miaka? Wewe mwenyewe uko na ishirini na tisa tangu nianze kupika hapa!"

Wateja walicheka mpaka chai ikamwagika. Kumbe Murugi aliibeba hiyo mzaha kama ushauri.

Alienda akasema kitabu ya kliniki ilinyeshewa, na mtoto ako na miaka mbili. Lynn akapanga vibao sita, kimya.

"Nyumbani anaongea," Murugi akadanganya. "Hapa anaogopa watu."

"Basi kwa miaka mbili ako sawa," sista akasema. "Lakini ni mkubwa! Unampea nini?"

"Waru."

Sista pia akacheka, akaandika sawa.

Mwaka ikaisha, hakuna neno. Murugi mwenyewe akarudi, akasema umri ya ukweli. Daktari akapiga makofi nyuma ya Lynn. Hakugeuka.

"Hasikii huyu. Mwaka jana tungemwekea kifaa, saa hii angekuwa anakuita mama. Nani alikudanganya upunguze?"

Hakunitaja. Hiyo nampea.

Mama mkwe akasikia. Akaja hoteli saa ya lanchi, watu wamejaa.

"Ati hata miaka unaiba? Umetuzalia jiwe, halafu unaificha!"

Mimi hapo nilikosa mzaha. Murugi akapanguza mikono, akamfunga Lynn mgongoni, mkubwa hivyo, miguu zinamgonga magoti, akashika barabara ya Endarasha. Nikamwita Murugi, akakataa kugeuka. Huyo mwenye hasikii ndiye alikuwa ananiangalia.

Siku hizi waru namenya mwenyewe.