Liwa yangu na wageni wa posa

Asalaam aleikum wapenzi wangu, mu wazima nyote? Mimi leo nimeitwa msichana, hapa hapa Garsen!

Wanawake waliokuja kumposa binti yangu walifika mapema. Nikawafungulia na liwa usoni, ule urembo wetu wa mti wa kunukia uliosagwa, imefunika makunyanzi yote.

Bibi mmoja, nyanya yake kijana anayeposa, akasema, "Mwanangu, tuitie mama yako."

Wallahi, raha! Sikuwaambia kuwa mama ndiye mimi, nionje utamu kwanza. Nikawapa chai.

Wakanywa, wakangoja.

Bibi akainuka. "Posa hatuzungumzi na watoto. Twaondoka."

Nikakimbilia ndoo, nikanawa, nikarudi na makunyanzi yangu.

Akacheka mpaka ushungi ukamwanguka. "Ahaa! Sasa mama amekuja."

Alhamdulillahi, tumekubaliana. Liwa iliyobaki nimempa binti.

Haya, na nyinyi mwapaka nini? Nijibuni upesi.