Damu katika Chumba cha Jibini

Depo ile ya vyumba vya baridi iko Katoyi, mtaa wetu wa Goma, juu ya mawe ya volkano ambapo zamani hapakuota hata mboga. Ilijengwa na kampuni ya Papa Adalbert (kwetu mtu mzima huitwa papa), mtu wa Butembo mwenye malori ya safari ndefu. Mwanzoni hatukuipenda. Tulisema amekuja kutuzibia njia. Lakini alitandika paa lote pano za umeme wa jua, akachimba matangi ya maji ya mvua na kutoa mabomba nje ya ukuta ili tuchote bure, akaajiri watu wa mtaa. Manung'uniko yakapungua, ingawa hayakuisha.

Msimamizi wa vyumba vya baridi alikuwa Katungu, mwanamke mrefu, asiye na maneno mengi. Kabla ya kazi hiyo alikuwa muuza samaki. Alileta samaki kutoka Vitshumbi, kando ya ziwa, na mara nyingi lori lilizuiliwa njiani karibu na Rumangabo mpaka mzigo ukaanza kunuka. Kwa hiyo depo ilipofunguliwa, wauza samaki wenzake walimwendea Papa Adalbert na kumwomba awawekee mtu anayejua uchungu wao. Wakamtaja Katungu.

Vyumba vilikuwa viwili. Kimoja kiligandisha samaki wawe kama mawe. Cha pili kilikuwa cha ubaridi wa kadiri tu, kwa jibini ya Masisi na mboga. Umeme wote ulitoka juu ya paa, ukalala katika betri, na betri zilitunzwa na fundi Modeste, mtoto wa wafugaji wa milima hiyohiyo ya Masisi.

Januari ile vita ilipotukaribia, wakimbizi walijaa kwanza makanisani na mashuleni, kisha kwenye baraza zetu. Halafu mabomu yakaanza kuanguka mjini penyewe. Umeme wa mji ukakatika, maji yakafuata, na simu zikanyamaza. Papa Adalbert alikuwa Butembo na barabara zilikuwa zimefungwa. Deponi walibaki Katungu, Modeste na wanawake wachache wa samaki waliokataa kuacha mali yao. Mmoja wao alikuwa Kahindo. Yeye ndiye aliyempokea Katungu siku alipofika Goma, akamfundisha soko. Nyumba yake ya zamani huko Rutshuru iliungua katika vita nyingine, akaanza upya na samaki. Wakati huo karibu nusu ya samaki wa chumba kile walikuwa wake.

Mchana mmoja bunduki zilipotulia kidogo, mtu aligonga lango. Alikuwa Séraphine, muuguzi wa hospitali iliyo jirani, pamoja na wanaume wawili waliobeba masanduku. Alieleza haraka, akihema. Jenereta ya hospitali ilikuwa imekufa kwa kukosa mafuta. Majeruhi walikuwa wamelala sakafuni mpaka nje. Ndani ya masanduku mlikuwa na mifuko ya damu, yote waliyobaki nayo, na barafu iliyoizunguka ilikuwa imeshakuwa maji.

Katungu hakumwacha amalize. Alitoa jibini nje, maana jibini huvumilia, na mahali pake akaipanga ile mifuko.

Bado walikuwa wanafunga mlango Modeste aliposhuka kutoka juu ya paa. Akamvuta Katungu kando, akamwambia kwamba risasi zilikuwa zimevunja pano nyingi, na mbingu ilikuwa nyeusi kwa mvua. Kwa hali ile betri zisingeweza kubeba vyumba vyote viwili mpaka asubuhi. Chumba kimoja, labda. Katungu akamuuliza Séraphine kama damu ingeweza kuwekwa pamoja na samaki. Séraphine akatikisa kichwa. Damu ikigandishwa imekufa.

Wanawake wa samaki walikuwa upande wa pili wa ua, wamejibanza ukutani kwa kuogopa risasi. Katungu aliwatazama kwa muda. Kisha akaingia katika chumba cha betri, akamwambia Modeste azime chumba cha samaki.

Kahindo alitambua kwa masikio. Mvumo aliouzoea ulipungua, akasimama, akaja mbio akiwa peku. Katungu alimweleza yote, bila kujitetea. Kahindo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Vita ya kwanza ilikula nyumba yangu," alisema. "Hii ya sasa, ni weye unaikulisha, kwa mukono yako."

Katungu alikwenda mahali palipowekwa magunia ya chumvi ya mteja mwingine, akachukua kisu na kuyapasua mwenyewe. Wanawake wakaelewa. Wakaanza kutoa samaki, kuwapasua na kuwapaka chumvi wawe makayabo. Waliokuwa wakubwa mno waliwekwa juu ya moto wa makaa. Waliokuwa wameanza kulegea walichemshwa katika masufuria ya majirani na kupitishwa nje ya ukuta kwa wakimbizi. Mimi, jirani niliyeingia uani kuwasaidia, nami nilipewa sahani. Nilikula nikijua ni jasho la nani, na njaa yangu haikujali. Kahindo alifanya kazi kuliko wote, mikono imezama katika chumvi, lakini kwa Katungu hakutupa neno.

Kesho yake moshi wa samaki ulituletea watu wenye bunduki.

Walipiga lango kwa vitako vya silaha. Katungu alifungua mwenyewe, kwa sababu wangelivunja hata hivyo. Siwezi kusema walikuwa wa upande gani. Siku zile hata nguo hazikukuambia kitu. Walichukua simu zetu, wakajaza samaki katika magunia, wakadai funguo za lori dogo la depo. Modeste akawapa. Tulidhani wamemaliza. Lakini mkubwa wao alisimama katikati ya ua, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza. Mji mzima ulikuwa kimya, na hapa palikuwa na kitu kinachovuma.

"Muko na kuran," alisema, maana yake umeme. "Betri ziko wapi?"

Modeste alikuwa amesimama mbele ya mlango wa chumba cha betri, na kusimama kwake kulisema yote. Kijana mmoja alimwekea mdomo wa bunduki kifuani, akamwambia atoke. Modeste hakutoka. Nilimwona jasho likimtiririka shingoni ingawa mvua ilikuwa ya baridi. Nilingoja mlio.

Katungu akatembea. Hakukimbia. Alipita mbele ya mkubwa yule mpaka kwenye chumba cha jibini, akafungua mlango wote.

"Papa, angalia kwanza kazi yake," alisema.

Yule mtu alisogea. Ubaridi ulimpiga usoni. Akaitazama ile mifuko myekundu iliyopangwa kwenye rafu, akakaa hivyo, mkono umeshika fremu ya mlango.

"Ni ya nani?"

Aliyejibu ni Kahindo. Alikuwa amepiga magoti kando ya beseni, chumvi mpaka kwenye viwiko, na hakuinua hata kichwa.

"Hatujue bado," alisema. "Inaweza kuwa yako."

Kijana aliyekuwa na Modeste alicheka kidogo, kisha akaacha. Mkubwa aliurudisha mlango mwenyewe, polepole, mpaka ukabana. Akawaambia wenzake waache betri. Kijana alinung'unika kwamba betri zina soko. Mkubwa alimtazama tu. Wakapanda lori letu na samaki wetu, wakaenda.

Katungu aliketi kwenye kreti iliyolowa. Modeste aliingia kuzikagua betri.

Kwa kuwa lori halikuwepo tena, damu ilirudi hospitalini kwa miguu. Kila Séraphine alipotuma mtu, wanawake walifunga mifuko katika masanduku ya samaki yaliyooshwa, wakainua kitambaa cheupe kwenye fimbo, wakatembea wakifuata kuta. Katungu alikwenda kila safari. Kahindo alibaki kulinda makayabo. Baadaye Séraphine alituambia kwamba kuna watu walioinuka kwa damu ile, akiwamo mama aliyekuwa amejifungua chini ya mabomu. Alisema pia kwamba wengine walikufa hata hivyo.

Mtandao uliporudi, Papa Adalbert alipiga simu. Aliuliza kwanza kuhusu watu, kisha betri, kisha samaki. Aliposikia habari ya samaki hakumgombeza Katungu. Lakini bima hailipi hasara ya vita, na mteja wa chumvi aliondoka akiwa na hasira. Miezi kadhaa baadaye zilifika pano mpya, zimezungushwa kwa njia ya mbali, pamoja na betri nyingine za kuiwekea hospitali yenyewe, ili isihitaji tena kuomba chumba cha mtu.

Wauza samaki walirudi na sharti moja: hakuna mtu atakayezima chumba peke yake. Walimchagua Kahindo awawakilishe katika uamuzi huo. Katungu alikubali mbele ya wote. Kikao kilipokwisha nilikuwa nachota maji, nikawasikia wawili hao langoni. Katungu alimuuliza kama siku ile angekataa chumba cha samaki kizimwe.

"Sijue," Kahindo alijibu. "Pengine ningekataa. Pengine ningezima na mukono yangu. Lakini ulipashwa kuniuliza."

"Nilikuwa na woga utasema hapana."

"Najua."

Hawakukumbatiana. Kahindo alienda kupokea mzigo wake, na Katungu akaandika idadi ya kreti kama kawaida.

Msimu huu mvua imekuwa nyingi, jua haba. Juzi niliona Modeste akitoka chumba cha betri uso umekunjamana. Katungu alimsikiliza, kisha akavuka ua mpaka soko dogo lililo nje ya ukuta, akamtafuta Kahindo katikati ya wateja wake. Kahindo alifuta mikono kwenye kitenge na kumwachia jirani meza yake. Wakapanda ngazi ya paa wote watatu, wakasimama huko juu wakiangalia mawingu ya upande wa Sake, wakibishana.