Mota ya Cherehani na Miguu ya Mama Pindo

Fundi cherehani tunayemzungumzia hapa aliitwa Mama Pindo, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu ya ukali wake. Ukimpelekea suruali ya kubadilisha zipu tu, ataigeuza ndani nje, ataguna, kisha ataanza kufumua mapindo aliyoshona mtu mwingine. "Siwezi kukuacha utembee barabarani na aibu hii," atakwambia. Utabishana naye? Thubutu! Utakaa kwenye benchi la mlangoni ungoje suruali yako.

Basi mama huyu aliyeweza kulainisha kitambaa kigumu cha namna yoyote alikuwa na miguu isiyosikia la mtu. Mchana haikuwa na neno. Jioni akishakaa tu kutazama habari, inaanza. Hayakuwa maumivu, wala haikuwa ganzi. Mwenyewe alisema ni kama wadudu wanatembea ndani ya nyama, na hakuna wa kuwakuna. Akisimama akizunguka meza, wanatulia. Akikaa, hao tena. Na kitandani ndiyo usiseme: anakunja, ananyoosha, anageuka, na akibahatika kupitiwa na usingizi, miguu yenyewe inarusha mateke.

Mateke hayo yalikuwa na mwenyewe wa kuyapokea, naye ni mumewe, dereva wa basi la shule. Watoto walimwita Babu Honi kwa sababu alipiga honi kwenye kila geti, hata la mtoto aliyekwisha kusimama nje na begi mgongoni. Mzee mwenye utani sana. Asubuhi akiamka anajishika ubavu na kuuliza, "Mama watoto, jana umenifunga mabao mangapi?" Wanacheka, wanakunywa chai, maisha yanaendelea.

Mpaka siku moja mchana Babu Honi akasinzia kwenye usukani, basi likiwa limezimwa mbele ya shule. Watoto wakapanda, wakakaa, wakaimba nyimbo zao zote, yeye anakoroma. Ikabidi mwalimu wa zamu amtikise bega. Hakuna aliyedhurika, lakini mzee wa watu alirudi nyumbani amenywea. Jioni ile alichukua mto wake.

"Mke wangu, mle ndani ya basi nabeba watoto wa watu," alisema. "Acha nilale sebuleni."

Alikuwa na haki. Mama Pindo mwenyewe ndiye aliyemtandikia shuka kwenye kochi, kochi fupi ambalo miguu ya mumewe ilining'inia kuanzia magotini. Akajikaza. Lakini wiki zikawa miezi, na kitanda kile kikawa kikubwa mno kwa mtu mmoja. Alimkosa. Alikosa mikwaruzo ya ndevu zake, alikosa hata ile kero yake ya kuvuta blanketi. Alitaka kitu kimoja tu duniani: mumewe arudi kitandani bila kuhatarisha mtoto wa mtu.

Sasa hapo ndipo familia ilipokula njama. Bila kumshirikisha mgonjwa, Babu Honi na binti yao mkubwa walikaa wakaamua kwamba mchawi ni pedali ya cherehani. Mtu amekanyaga cherehani tangu usichana, miguu itajuaje kwamba kazi imekwisha? Si itaendelea kushona hata usingizini! Binti akanunua mota ya umeme, baba akafungua pedali kwa mkono wake, akaifunga kwenye gunia na kuisukumia chini ya kochi lake.

"Sasa miguu ipumzike, mama," binti alisema, na mama akalia kwa furaha mbele yao.

Jamani, upendo nao una vituko vyake. Tangu mota ifungwe, mambo yalizidi kuharibika. Zamani angalau kazini alikuwa na nafuu. Sasa amekaa, mguu umetulia juu ya kiswichi cha mota, na wadudu wanafika saa za mchana kweupe. Akimaliza mshono mmoja anainuka, anazunguka meza, anarudi. Lakini angeanzaje kuwaambia? Mumewe akiuliza, "Mota inaendeleaje?" anajibu, "Inakimbia hiyo!" Na Babu Honi, kwa kuongezea wema, akawa anamletea vile vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi. Akavimeza pia, kwa mapenzi. Miguu ikawa kama imechokozwa.

Aliyemfumbua macho ni mteja, muuguzi wa kliniki aliyekuja kupunguziwa gauni la kazi. Alimtazama fundi akiinuka na kuzunguka meza, akarudi, akainuka tena.

"Mama, una nini?"

"Miguu tu. Imenizoea vibaya."

Muuguzi akamdadisi mpaka akaelezwa yote, mateke na kochi. "Hiyo siyo tabia, ni ugonjwa na una dawa," akasema. "Njoo umwone daktari. Na huyo wa kwenye kochi njoo naye."

Shule zilipofungwa, wakaenda kliniki. Daktari, mwanamke mpole mwenye maswali mengi, alimuuliza nini kinampa nafuu. Nikitembea, alijibu. Na kazini? Mama Pindo akamtazama mumewe, akatazama sakafu.

"Nilipokuwa nakanyaga pedali nilikuwa na nafuu. Tangu mota..."

"Mota yetu?" Babu Honi aliruka kwenye kiti. "Ile uliyosema inakimbia?"

"Inakimbia kweli. Ninayeteseka ni mimi."

Daktari alijitahidi asicheke. Akawaeleza kwamba huo ni ugonjwa wa miguu isiyotulia, kwamba pedali haikuuleta bali ilikuwa ikiutuliza. Vidonge vya mafua viachwe, maana vinaweza kuuzidisha, na chai nzito anayokunywa jioni ipunguzwe. Damu ikapimwa, ikaonekana akiba yake ya madini ya chuma iko chini, akaandikiwa vidonge vya kuiongeza. Walipofika nyumbani Babu Honi aliingia sebuleni, akapiga magoti, akavuta gunia kutoka chini ya kochi, na kabla ya jua kuzama pedali ilikuwa mahali pake. Binti alipopigiwa simu alicheka mpaka akaishiwa pumzi, kisha akaomba radhi, kisha akacheka tena.

Chuma kilisaidia, lakini hakikumaliza. Waliporudi kliniki, daktari aliongeza dawa nyingine, kidonge kimoja cha nguvu ndogo kila jioni. Hapo sasa ndipo walipojua kwamba kuandikiwa dawa na kuipata ni safari mbili tofauti.

Duka la kwanza hawakuwa nayo. Duka la pili muuzaji aliisoma karatasi kwa sauti ya mnadani: "Hii si dawa ya kifafa? Nani ana kifafa?" Mama Pindo alimweleza kwamba dawa moja hutibu mengi, lakini nyuma yake kwenye foleni alikuwepo mteja wake mmoja, na unajua tena midomo ya watu. Kesho yake yule mteja alikuja kuomba kitambaa chake hata hakijakatwa, "usije ukaangukia mkasi, dada yangu." Duka la tatu walikuwa na kidonge cha ganda chenye nguvu mara tatu ya alichoandikiwa, wakamshauri akifungue, amwage sehemu ya unga wa ndani kwa kukadiria.

"Mimi hata pindo sikadirii kwa macho," aliwajibu, akachukua karatasi yake. Lakini alipofika nyumbani alikaa kitandani, upande wa mumewe, akalia.

Babu Honi alimwona kupitia mlango ulioachwa wazi. Shule zilipofunguliwa alitia ile karatasi mfuko wa shati, na kwenye kila geti, baada ya honi, aliwauliza wazazi: nani anajua dawa hii inauzwa wapi? Watoto walichoka kungoja, wakaanza kuuliza wenyewe kupitia madirisha. Geti la mwisho alitoka mama mmoja na mswaki mdomoni. Kumbe ni mfamasia.

"Ya nguvu ndogo huwa haikai dukani," alisema, akiisoma ile karatasi. "Nitaiagiza. Lakini mkeo aje mwenyewe, nimweleze."

Mama Pindo akaenda. Akaambiwa ni kimoja jioni, asijiongezee wala kukatisha ghafla bila kumwona daktari, na akisikia kizunguzungu aseme. Akaipokea ile pakiti kwa mikono miwili.

Siku za kwanza alikunywa dawa yake kila jioni. Miguu ilianza kutulia, lakini aliogopa kumwita mumewe. Je, akirudi na mateke yakarudi? Ilipofika Ijumaa akajipa moyo, akasimama mlangoni pa sebule.

"Kesho hakuna shule," alisema. "Njoo tujaribu."

Babu Honi alikuja na mto wake kifuani, akauliza alale upande gani, utadhani mgeni.

Mama Pindo alipofumbua macho jua lilikuwa limeshapenya pazia. Hakukumbuka kuamka hata mara moja. Akageuka. Mumewe alikuwa amekaa, mgongo ukutani, macho mekundu, mkono wake umeshika kifundo cha mguu wa mkewe.

Akainuka akaketi. "Hukulala! Nimekupiga tena?"

"Hujanipiga hata mara moja."

"Sasa mbona uko hivyo?"

"Ulitulia mno," alisema Babu Honi. "Kila nikisinzia nashtuka, naona labda umeniacha. Nikawa nakuangalia kama unapumua."

Mama Pindo hakujua acheke au alie, akafanya vyote viwili. Kisha akamlaza, akamfunika blanketi mpaka shingoni, akakunja goti na kumpiga kateke kadogo ubavuni, palepale pa zamani.

"Niko hapa," alimwambia. "Haya, lala."

Babu Honi akavuta blanketi lote upande wake, akalala.