Chumvi Isiyoyeyuka Kiganjani

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipookota chumvi juu ya majani nikamkimbilia mjomba wangu nikicheka. Tangu siku hiyo sijacheka vile tena. Lakini nianzie chini, maana mlima haupandwi kuanzia kileleni.

Mimi ni mtu wa Ifakara, wa mpunga na mtumbwi. Kusoma kwangu ni kule kwa kuokotaokota, basi nivumilie. Enzi za Wajerumani, kabla ya vita vya Maji Maji, Mjerumani mmoja tuliyemwita Bwana Ubao alijijengea nyumba ya kupumzikia kwenye milima ya juu ya Uchindile. Akitaka kwenda huko, jumbe wetu, Mtandika, alitukamata tumbebee mizigo. Namtaja kwa jina. Msimamizi wetu njiani alikuwa Akida Sefu. Na huyo namtaja.

Mara ya kwanza tulipanda wakati wa joto. Bondeni tulikuwa tunatokota; kule juu tukakuta upepo laini, majani mabichi, maji ya kijito baridi kama ya mtungini. Nikasema, loo, kumbe hapa ndipo Mungu anapopumzika! Mjomba Ngalipa, kaka yake mama, alikuwa amekuja na kigae cha makaa, kama wavuvi wetu wanavyobeba moto mtumbwini. Mvuvi wa kwetu hatoki bila moto, hata jua liwe la kupasua kichwa.

"Mjomba," nikamtania, "huku utambanika nani? Kambale wa mlimani?"

Wenzangu wakaangua kicheko. Yeye alipuliza makaa yake tu. "Cheka, mpwa wangu. Leo umeukuta mlima umeshiba. Siku ukiukuta na njaa, utaniomba kaa moja."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia, ila kwa sikio moja.

Mara ya pili ilikuwa kipupwe. Jumbe Mtandika akatuapia kwamba ni safari fupi, tusijisumbue kubeba nguo. Kila mtu akapanda na kaniki yake kiunoni, na mjomba na kigae chake. Tulifika jioni, ukungu umetanda, meno yanagongana. Akida Sefu akatusimamisha ukingoni mwa majani. Asubuhi Bwana angeteleza juu ya majani hayo kwa mchezo wake, alisema, na cheche moja ikiyaunguza, yeye akida ndiye atakayechapwa.

"Mwaga moto huo, mzee."

"Shikamoo, akida wangu," mjomba akasema, naye ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri. "Nitakaa nao mbali, kule kwenye mawe. Hawa vijana hawana nguo."

"Moto wa hapa ni wa Bwana. Wewe si una ngozi? Jifunike hiyo."

Akakipiga kigae teke. Makaa yakazimikia topeni. Maji yakimwagika hayazoleki, na moto ni hivyo hivyo. Tukajibana nyuma ya ghala la Bwana, mjomba akajiweka upande wa upepo.

Kulipokucha sikuamini macho yangu. Majani yote meupe! Sisi watu wa bonde chumvi tuliipata kwa kuchoma majani ya bwawani na kuchuja majivu yake, kazi ya jasho na machozi. Sasa hapa imelala bure! "Chumvi! Chumvi!" Tukaizoa kwa viganja. Iliuma kama moto, ikawa inageuka maji vidoleni. Nikazoa nyingine upesi, nikamkimbilia mjomba. Alikuwa bado amekaa, kichwa magotini. Nikamfungua kiganja, kilikuwa kigumu kufunguka, nikadhani ananitania. Nikamwekea.

"Mjomba, onja! Kumbe mlima wako una neema."

Nikangoja. Mkononi mwangu ilikuwa imeyeyuka yote. Mkononi mwake haikuyeyuka.

Nilibaki natazama kile kiganja. Na saa hiyohiyo Bwana Ubao akatoka, amejifunga miguuni mbao mbili ndefu zenye pua iliyopinda, akateremka juu ya ule weupe, kumbe ni umande ulioganda, akipiga vigelegele kama mtoto. Akida Sefu akampigia makofi. Nikamwambia akida kwamba mjomba amekufa. Hakugeuka hata kunitazama.

"Nyamaza. Utamharibia mchezo."

Tulimzika mtu wa mto chini ya mawe, mahali ambapo mto hausikiki.

Maji ya dawa yalipofika bondeni, kila mtu aliyanywa kwa sababu yake. Mimi niliyanywa kwa ajili ya kile kigae. Risasi hazikugeuka maji, na wengi wa waliobaki njaa ikawamaliza. Akida Sefu alikimbia, sijui alifia wapi. Mtandika yupo, ameota mvi, watu wanampa kiti. Juzi nilimuuliza habari ya mjomba. "Aa, ndugu yangu," akasema, "ile ilikuwa baridi tu. Baridi haina mwenyewe."

Inaye. Mwenyewe ni yule aliyepiga kigae teke, na huyu aliyetuambia tusibebe nguo.

Basi shika haya. Mahali ulipopakuta panacheka, usipasifu mpaka upaone pamenuna. Watu nao ni hivyo hivyo. Mzee akibeba kitu usichokielewa, kwanza mpokee mzigo, kucheka kutakuja baadaye. Na ukiambiwa msiba fulani hauna mwenyewe, uliza: moto aliumwaga nani? Uliza hata kama anayekujibu amekalia kiti.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde na mlango wa anayeota moto peke yake, akupe makaa na moyo wa kuyagawa. Na siku yoyote mtu akikuwekea kitu kiganjani, kikukute una joto.